Jenerali wa Mikono Mitatu

Mbele ya mahali ninaposhonea viatu, pale soko la Custom mjini Juba, kuna duka la kuchapisha picha, na juu ya duka lile kuna sura ya Jenerali mmoja aliyekufa zamani. Jina lake silitaji. Mwenyewe hakupenda kutajwa hovyo, na wanaogombania jina lake leo ni wengi kuliko waliokuwa wakiligombania wakati hana chakula. Nitamwita Jenerali tu, nanyi msianze kukisia, kwa sababu si yule mnayemfikiria.

Macho yangu yamechoka, lakini Jenerali namwona hata nikiyafumba. Yuko kwenye chupa ya maji. Yuko kwenye mfuko wa unga wa mahindi, anacheka, na mimi nakumbuka watu waliokuwa naye msituni wakichemsha majani ya porini. Yuko kwenye pakiti ya dawa ya mende, na chini yake wameandika kwamba adui hatapita. Hayo alinisomea mama wa chai anayekaa karibu nami, maana shule yangu iliishia darasa la pili, na mwalimu alikimbia vita kabla yetu sisi wanafunzi. Yuko kwenye saluni ya wanawake, mtu ambaye sijui kama alichana nywele hata mara moja. Kuna kinyozi njia ya Lemon Gaba anayesema ukikaa kwenye kiti chake utatoka jenerali. Nilikaa. Nilitoka na vipele kichwani.

Lakini waliozidi ni wale wa ndala. Siku moja aliniletea ndala mteja mmoja, kamba imekatika, na nilipoigeuza nikamwona Jenerali amechapwa pale ndani ambapo mguu unalala. Paji la uso limekwisha kabisa, kisigino kimelila.

"Kwa nini unamkanyaga?" nikamwuliza.

"Mzee, mimi nampenda sana huyu mtu!"

"Unampenda kwa kisigino?"

Akaniambia nishone tu, nisilete siasa. Nikashona. Ninyi mngefanya nini? Mtu anakula kwa sindano yake.

Kiswahili changu na kazi yangu nilivipata mahali pamoja, Arua, miaka ile tuliyokuwa wakimbizi upande wa Uganda. Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyekuwa askari, akishona mabuti, na alikuwa anafundisha kwa matusi. Kwa hiyo mkikuta maneno makali humu, laumuni shule yangu. Yule mzee alikuwa na medali, aliitumia kusugulia gundi iliyokauka kwenye soli. Alisema haijawahi kumfaa kitu kingine.

Nirudi kwenye habari yangu.

Dada yangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, anakaa Mangateen upande wa kambi, anauza mkaa na bamia iliyokaushwa. Mume wake alikuwa askari wa huyo Jenerali. Hakuwa askari mkubwa. Kazi yake ilikuwa kumshikia Jenerali mwavuli. Msicheke. Ramani za wakati ule zilikuwa karatasi, na mvua ya huko ikinyesha haiulizi cheo. Ramani ikilowa, watu wanapotea njia, na watu wakipotea njia wanakufa. Basi shemeji alitembea hatua moja nyuma ya Jenerali, mkono juu, ramani kavu, Jenerali mkavu, yeye analowa mpaka kwenye mifupa.

Siku moja alipita mtu mwenye kamera akawapiga picha. Jenerali ameshika ramani kwa mikono miwili, shemeji yuko nyuma yake kando, mwavuli juu, uso wote unaonekana, na anacheka kwa sababu mtu wa kamera aliteleza kwenye matope. Hiyo ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa maishani. Baadaye alitumwa na kikosi kingine na hakurudi. Hatukupewa kaburi. Hakuna aliyeweza kutuonyesha hata kichaka, akasema ni hapa.

Dada aliibeba ile picha ndani ya kopo la maziwa ya unga, kutoka nyumbani hadi Uganda, kutoka Uganda hadi Juba. Alipoteza sufuria, alipoteza mbuzi, alipoteza mtoto mmoja kwa homa, lakini kopo lilifika. Mchwa walikuwa wamekula kona moja tu.

Mwaka huu akasema anataka kufanya karama. Kwa asiyejua, ndiyo sala ya mwisho ya marehemu, watu wanakusanyika, wanaomba, wanakula, na msiba unafungwa. Kwetu mtu asiye na kaburi hatumwekei msalaba kwenye udongo mtupu, huo ungekuwa uongo. Tunaweka kiti mlangoni, na juu ya kiti tunaweka sura yake. Kila anayeingia anasimama pale na kumsalimu kwa sauti, anasema mimi ni fulani, nimekuja. Kiti kikiwa kitupu, wazee wanakataa kusalimia. Wanasema kiti kitupu ni cha mgeni aliyechelewa, na mgeni aliyechelewa huwezi kumfungia msiba. Mke wake anabaki mke wa kungoja.

"Nimechoka kuwa mke wa mtu aliyechelewa," dada akaniambia. "Nataka niwe mjane kama wajane wengine."

Picha ilikuwa ndogo kama kiganja. Ilihitaji kukuzwa, watu waione kutoka mlangoni. Nikasema, "Lete kwangu. Mchapishaji ni jirani yangu, tunakunywa chai pamoja."

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana wengine nawasema na mimi mwenyewe sijajisema. Nilitumwa na sentensi moja tu: kuza uso wa huyu mtu wa mwavuli. Sentensi moja! Hata kasuku angefika nayo. Lakini nilipofika kwa yule mchapishaji, kijana wa Uganda, mcheshi, mwenye kitambi cha mapema, mdomo wangu ukataka sifa. Nikaweka picha mezani, nikasema, "Unamjua huyu aliye mbele?"

Akaiinua, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mzee! Huyu ni yeye?"

"Yeye kabisa. Na mvua inanyesha."

"Hii picha watu hawajaiona."

"Wataionea wapi? Ilikuwa kwenye kopo."

Niliona macho yake yanabadilika lakini nikadhani ni heshima. Mpaka siku ile wafanyabiashara wote walikuwa wanachota sura ya Jenerali kwenye bango moja la zamani, na wengine walisema hata mabega yale si yake, ni ya mcheza mpira. Picha mpya ilikuwa kama kisima kipya.

"Acha kwangu mpaka Ijumaa, mzee wangu. Mimi itafanya kubwa kama mlango."

Nikaondoka nikiwa nimevimba kifua. Sikusema ni mtu gani akuzwe. Kwangu ilikuwa wazi, hiyo ni picha ya shemeji. Kwake pia ilikuwa wazi, hiyo ni picha ya Jenerali. Tukaachana vizuri kabisa.

Ijumaa aliniambia wino haujafika kutoka Kampala. Badala ya picha akanipa fulana. Kifuani yuko Jenerali, ameinamia ramani, matone ya mvua yanaonekana, mwavuli juu yake. Nilijua ni kutoka picha yetu. Nilijua, sitadanganya. Nikafikiri, ametoa fulana moja ya kunifurahisha, picha ya dada inakuja. Nikaivaa. Watu wa boda boda wakawa wananiita "Jenerali!" na mimi, mzee mzima, nikawa nawapigia saluti na sindano mkononi.

Wiki iliyofuata fulana zikajaa Custom. Wauza simu wanavaa, makuli wa unga wanavaa. Mmoja alinipita amebeba gunia, jasho linamtiririka juu ya Jenerali, na hakuna mwavuli wa kumsaidia. Bango nalo likapandishwa juu ya duka, jipya, kutoka paa hadi juu ya mlango. Mama wa chai akanisomea maneno ya chini: Vaa ushujaa. Nikasema ushujaa unavaliwa sasa? Zamani ulikuwa unazikwa. Lakini nilisema hivyo nikiwa nimeuvaa.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda Mangateen. Dada alikuwa ameketi na ungo, anachambua bamia. Akanisalimu bila kuinua kichwa, kisha akainua. Akaweka ungo chini. Akaja mpaka karibu, akaweka kidole hapa, chini kidogo ya shingo yangu.

"Kaka, huu mkono ni wa nani?"

Nikajaribu kuangalia. Mtu hawezi kuona kifua chake vizuri, mjaribu. Nikavuta fulana mbele. Juu ya kichwa cha Jenerali, karibu na mshono wa shingo, kulikuwa na mkono kuanzia kwenye kifundo, umeshika mpini wa mwavuli. Kidole cha mwisho kimepinda kwenda nje. Shemeji alipokuwa kijana, fahali alimvunja kile kidole, kikajiunga chenyewe bila kuuliza mtu.

"Ni mkono wa shemeji," nikasema.

"Wa nani, najua. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwa mchapishaji."

"Vua."

Nikavua. Mbele ya majirani, mbavu zangu zote nje, wanawake wakicheka. Akanitupia shuka lake la kujifunga, akaingia ndani kuvaa viatu, tukapanda raksha, yaani bajaji. Raksha ile nyuma ilikuwa na sura ya jenerali mwingine, aliye hai huyo, mnene, anatangaza betri. Hata sikumwangalia.

Kijana alituona, akatoa kiti.

"Mama, karibu, karibu, kaa."

"Sikuja kukaa. Nipe mume wangu."

"Mume?" Akaniangalia mimi, niliyejifunga shuka la kike.

"Ile picha," nikasema.

Akaingia ndani, akatoka na bahasha. Dada akaifungua. Jenerali alikuwa ndani, mzuri, amekatwa kwa mkasi mstari umenyooka. Shemeji hayupo. Kilichobaki kwake ni ule mkono juu, kwa sababu bila mkono mwavuli ungekatika.

"Ile upande ingine ilikuwa imekunjika, mama. Mchwa imekula. Kwa mashine inakataa kulala. Basi mimi ikakata kidogo."

"Ulichokata kiko wapi?"

Kijana akaelekeza kidevu nyuma ya duka, pale wanapochoma takataka kila asubuhi. Nilikwenda kuangalia. Majivu, na vifuniko vya chupa vya Jenerali vilivyoyeyuka.

"Ulikata mtu," dada akasema.

"Malesh, mama. Samahani. Mimi ilifikiri ni mlinzi tu."

"Ndiyo, ni mlinzi tu," dada akasema. "Nipe huyo huyo."

Kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu mtu mbaya unamtukana ukalala vizuri. Alitoka jasho. Akasema siku hizi kompyuta inaweza kutengeneza sura, mama amweleze tu jinsi marehemu alivyokuwa. Na dada, kwa hamu, akakaa kwenye kile kiti alichokikataa, akaeleza. Mrefu. Masikio yamesimama. Mwanya mbele. Alipofika kwenye macho akatafuta maneno, hakuyapata, akasema tu, "Macho ya mtu anayejua utani." Kijana akabonyeza, akangoja, akageuza kioo.

Alikuwepo mwanaume pale, mng'avu kama ametoka kuoga kwa mafuta. Meno thelathini na mawili. Kifuani amejaa nyota na medali.

"Nyota nimeongeza mimi, mama. Bure."

Dada akamtazama muda mrefu.

"Mzuri huyu," akasema. "Ana mke?"

Kijana akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Mwambie arudi kwa mke wake," dada akasema, na akatoka.

Karama ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Katekista wa Lemon Gaba alikuwa amekubali kuja, watu wa kwetu walikuwa wamealikwa, mbuzi amefungwa. Jumatatu dada aliniambia ataahirisha. Nikamwuliza, mpaka lini? Wote wawili tulijua hakuna picha nyingine itakayokuja, hata tukingoja mpaka meno yote yatoke. Nilikaa wiki ile nikishona vibaya. Nilishona kiatu cha kushoto cha mtu na cha kulia cha mtu mwingine, wakaja kugombana mbele yangu.

Ijumaa asubuhi niliinua kichwa na lile bango likawa juu yangu kama kila siku. Lakini siku hiyo sikumwangalia Jenerali. Niliangalia mkono. Kwenye bango ulikuwa mkubwa kama sinia ya kulia watu sita, kila kucha inaonekana, na kile kidole kilichopinda. Nikachukua kisu changu cha kukatia soli, nikabeba kigoda changu mpaka pale, nikakiweka juu ya meza ya fulana iliyo mlangoni, nikapanda.

Plastiki ya bango hukatika vizuri kuliko ngozi. Nilikuwa nimefika kwenye kifundo ndipo mtu wa boda boda akapiga kelele.

"Njooni! Mzee anamkata Jenerali mkono!"

Watu wakajaa. Mmoja akasema niitiwe polisi. Mwingine, aliyevaa ile fulana, akasema huo ni uhaini. Nikageuka juu ya kigoda, nikawaambia, "Hesabuni! Jenerali ana mikono mingapi kwenye ramani?"

Wakaangalia. Wakaanza kuhesabu kama darasani mwalimu akiuliza.

"Miwili," akasema wa boda boda.

"Na huu wa juu?"

Yule wa uhaini akavuta fulana yake mwenyewe, akainama, akahesabu kwa kidole. Wiki mbili Custom nzima imevaa mtu mwenye mikono mitatu, wanamsifu, wananunua mpaka za watoto, na hakuna hata mmoja aliyeuliza wa tatu ni wa nani! Hicho ndicho wanachoita kumpenda shujaa. Ng'ombe akizaliwa na mguu wa tano kijiji kizima kinakuja kuangalia, lakini mkubwa akiota mkono, watu wanapiga makofi.

"Mimi niliuona," mama wa chai akasema kutoka kwenye jiko lake. "Nikafikiri wakubwa ndivyo walivyo, wa tatu ni wa kupokelea."

Walicheka mpaka kijana wa duka akatoka nje kuona. Akaona bango lake, akaniona mimi juu na kisu.

"Mzee! Umeniharibia!"

"Na wewe?"

Kigoda kikayumba. Nilishika mwavuli wa plastiki nisianguke, na yeye akaja mbio, akakishika kigoda kwa mikono yote miwili.

"Maliza basi, mzee," akasema chini chini. "Utaanguka, halafu watasema ni mimi imekuua."

Nikamaliza. Niwaambie mapema kwamba yale hayakumfundisha mtu kitu. Kesho yake aliziba tundu kwa rangi ya mawingu, akaufuta ule mkono hata kwenye fulana. Sasa mwavuli unaelea wenyewe juu ya Jenerali, kama wa malaika, na fulana zinauzika kuliko mwanzo. Watu wanasema ni muujiza. Juzi nimeuona kwenye sabuni.

Jioni ile nikampelekea dada ule mkono, akasema basi karama haiahirishwi. Jumamosi tukaweka kiti mlangoni kwake. Akatandika kitambaa cheusi, akauweka mkono juu yake, kidole kilichopinda kimeelekea njia. Wazee wa kwetu wakaja, watatu wa mbele wakasimama, hawaingii. Mkubwa wao akakohoa.

"Mama, hii si sura."

"Si sura, baba. Ni yeye."

"Mtu anasalimiwa usoni. Desturi unaijua."

"Naijua. Ninyi mkisalimiana mnashikana nini? Pua?"

Yule mzee akamtazama. Niliogopa, maana wanawake hawasemi hivyo na wazee kwetu, hata wajane. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, fimbo inatikisika. Akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akainama mbele ya kiti, akaushika ule mkono wa plastiki, akasema jina lake na la baba yake, akasema, "Nimekuja. Tumechelewa sisi, siyo wewe." Na wengine nyuma yake, mmoja mmoja. Watoto wa dada waliushika mwisho. Binti yake mkubwa alipima kiganja chake juu ya kile cha baba yake, akakiacha pale kidogo.

Katekista akaomba, watu wakaimba. Sala ilipokwisha dada akauchukua mkono, akaukunja ndani ya kitambaa cheusi, akakipeleka kiti ndani ya nyumba, akakikalia mwenyewe. Hivyo ndivyo msiba unavyofungwa. Alikaa tu, miguu imenyooka mbele kama mtu aliyetua kuni.

Baadaye akapakua chakula. Kwetu kaka wa mwenye nyumba hula wa kwanza, na nyama ya bega ni yake. Dada akawapa wazee, akampa katekista, akawapa majirani, wapita njia, na kijana wa duka pia, maana alikuja na kreti ya soda akakaa nyuma kabisa. Akawapa watoto. Mimi nilikuwa nimekwisha kunawa mikono. Mwisho akaniletea sahani yangu, asida, ugali wa kwetu, ya kukwangua sufuria, mchuzi bila nyama, akaiweka chini mbele yangu na kusema, "Siku nyingine ukitumwa, sema ulichotumwa."

Nikala.